Kipimo cha DNA, picha ya nyonga au rekodi za ukoo: hela yako ianzie wapi unapotafuta mbwa msaidizi

Nianze na Zuri, mbwa wetu wa aina ya Labrador, maana bila yeye nisingejua hata nusu ya haya. Binti wa shangazi yangu anatumia kiti cha magurudumu, tunaishi Ohio, na sheria ya Marekani inamruhusu mtu mwenye ulemavu kumfundisha mbwa wake mwenyewe, sio lazima apewe na shirika linalofundisha mbwa hao. Foleni za mashirika ni ndefu, shangazi akasema hapana, tutafute mtoto wa Labrador sisi wenyewe tutafute na mwalimu. Mfugaji mmoja akatutumia ripoti ya DNA ya wazazi, kurasa kibao, magonjwa zaidi ya mia mbili na kila moja limewekewa alama ya kijani. Tukaona hapa tumefika. Mbwa akaja, akajifunza kuokota simu, kuvuta droo, kuwasha taa, akili tele na roho nzuri mno. Alipofika miezi kumi akaanza kukaa katikati ya ngazi. Anapanda vidato vinne, anakaa, anatuangalia. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, picha ya eksirei ikapigwa, nyonga zote mbili zimelegea na ya kushoto imeshaanza kusagika.

Kazi ikaishia hapo. Mbwa msaidizi anashinda kutwa nzima anainama, anasimama, anaruka kwenye gari, huwezi kumfanyisha hayo mwenye maumivu, ni ukatili.

Kilichotuuma ni kwamba ile ripoti haikudanganya. Kila kilichoandikwa mle kilikuwa kweli, ila nyonga hazikuwemo, na sisi hatukujua kwamba haziwezi kuwemo. Yule mfugaji hakuwahi kupiga picha ya nyonga ya mama wala baba, na sisi tulipoona neno "vipimo vyote" tukaacha kuuliza. Ndo maana naandika hivi vitu kwa kuvilinganisha, maana wauzaji wanaviita vyote "vipimo vya afya" wakati ni vitu vitatu tofauti kabisa: kuna kipimo cha DNA, kuna picha na uchunguzi wa mwili wenyewe, na kuna rekodi za ukoo. Kila kimoja kinajibu swali ambalo kingine hakiwezi.

Tuchukue DNA kwanza. Kwetu selimundu kila mtu anaijua, kama sio kwa ndugu basi kwa jirani. Mwenye nakala moja ya jeni mbovu anaishi vizuri tu, wengine hawajui kabisa kama wanayo, lakini akizaa na mwenzake mwenye nakala moja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mgonjwa, mbili kati ya nne ya kuwa mbebaji kama wazazi, na moja ya kutobeba chochote. Magonjwa mengi ya mbwa yenye kipimo cha DNA yanakwenda hivohivo, na hapa kipimo kina nguvu kweli. Mfano ni ule ugonjwa wa macho unaoitwa prcd-PRA, ambapo retina inakufa polepole, mbwa anaanza kushindwa kuona usiku halafu mchana nao unafuata. Herufi moja tu kwenye jeni ndo imebadilika, wanasayansi wakaitangaza mwaka 2006. Kwa Labrador dalili zinaweza kuchelewa mpaka mbwa ana miaka kadhaa, maana yake ameshafundishwa, ameshakabidhiwa kwa mtu asiyeona, wameshazoeana, na sasa mbwa mwenyewe anapofuka akiwa kazini. Daktari akimwangalia macho akiwa na mwaka mmoja anaweza asione kitu, lakini usufi uliosuguliwa ndani ya shavu lake akiwa na wiki sita ungesema.

Au chukua EIC, ugonjwa wa kuanguka wakati wa mazoezi makali. Labrador anakimbia mpira dakika tano, kumi, ishirini, miguu ya nyuma inalegea, anayumba, anaanguka chini, na wengi wanapumzika wanaamka kama hakuna kilichotokea ila wapo waliofia palepale. Jeni yake DNM1 ilipatikana mwaka 2008 na kundi la Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na wenzao, na kabla ya hapo wafugaji walikuwa wanabahatisha tu. Upo pia ugonjwa wa misuli wa Labrador unaoitwa CNM, ambao watafiti wa shule ya udaktari wa mifugo ya Alfort, Ufaransa, waliupatia jeni yake mwaka 2005, na huo unamdhoofisha mbwa akiwa mdogo kabisa. Kwa haya matatu kipimo cha DNA hakina mpinzani: kinafanyika mara moja maishani, bei yake inavumilika, na jibu linapatikana kabla mbwa hajaanza hata kuonyesha dalili.

Sasa kipimo cha jeni moja moja au lile furushi la magonjwa mia mbili? Kwa bei, furushi linaonekana rahisi, dola 100 hadi 200 hivi unapata kila kitu, wakati jeni tatu nne ukizilipia mojamoja unafika hukohuko. Mimi sina shida na furushi lenyewe. Shida ni jinsi linavyosomwa. Mengi kati ya yale magonjwa mia mbili yaligunduliwa kwa aina nyingine kabisa za mbwa, kwa hiyo Labrador kuwa "safi" kwenye ugonjwa wa ukoo mwingine hakukupi chochote, ni kama mtu anakuhakikishia gari lake halina tatizo la propela. Kijani mia mbili zinatia moyo ila zinazokuhusu zinaweza kuwa kama kumi. Muulize mfugaji akutajie zipi ni za aina ya mbwa wake, akishindwa kuzitaja basi alinunua ripoti hakuisoma.

Na upande wa pili, nyekundu nayo sio hukumu kila mara. Ugonjwa wa uti wa mgongo unaoitwa DM, unaowapata sana German Shepherd, unahusiana na jeni SOD1, na watafiti waliutangaza mwaka 2009. Unaanza uzeeni, mara nyingi kuanzia miaka minane hivi, miguu ya nyuma inapoteza nguvu bila maumivu mpaka mbwa hawezi kusimama. Lakini mbwa mwenye nakala mbili za jeni ile yuko kwenye hatari tu, wengi wanazeeka na kufa kwa mambo mengine wakiwa wanatembea vizuri. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapa maoni ya wanasayansi waliosimulia habari za pug mmoja wa miaka 13 aitwaye Petunia, miguu imeanza kumsumbua, wenye mbwa wakanunua kipimo, kikasema ana ile jeni, wakaamua apumzishwe milele. Wanasayansi wale wakaandika kwamba huenda alikuwa na tatizo jingine la uti wa mgongo ambalo linatibika. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Kwa hiyo DM kwenye ripoti ya mtoto wa mbwa inakuambia mambo ya uzeeni, na mbwa msaidizi kwa kawaida anastaafu akiwa na miaka tisa au kumi, ipime hivyo.

Jambo jingine ambalo linawapoteza wanunuzi wengi ni neno "mbebaji". Watu wakiliona wanakimbia. Jamani, kama wewe unanunua mbwa wa kufanya kazi na hutamzalisha, mbebaji wa prcd au EIC kwako ni mbwa mzima kama wengine, hatapofuka wala hataanguka kwa sababu ya ile nakala moja. Mbwa wasaidizi karibu wote wanafungwa uzazi kabla ya kuanza kazi, hivyo ile jeni inaishia naye. Kumkataa mtoto mtulivu, asiyeogopa kelele, anayekufuata kila unakokwenda, eti kwa sababu ni mbebaji, na kumchukua ndugu yake mwoga kwa sababu ni "safi", huko ni kuchagua karatasi badala ya mbwa.

Kwa mfugaji hesabu ni nyingine kidogo ila nayo haisemi umtupe mbebaji. Mbebaji ukimpandisha kwa aliye safi hupati mgonjwa hata mmoja, nusu ya watoto kwa wastani watakuwa wabebaji nusu watakuwa safi, unapima, unabakiza kwa ajili ya uzazi yule aliye safi na mwenye tabia nzuri, na kizazi kinachofuata umeshaiacha ile jeni bila kuupoteza ukoo. Ukiwatupa wabebaji wote kwa mpigo, hasa wa kitu kama EIC ambacho kimeenea sana kwa Labrador, unabaki na mbwa wachache mnooo, unaanza kupandisha binamu kwa binamu, na kila ukoo unapobanwa hivyo jeni nyingine mbovu ambazo hazina hata kipimo zinakutana. Watoto wa baba mmoja mama tofauti ukiwapandisha, uzao wao unakuwa na asilimia 12.5 ya damu iliyojirudia, na ndugu wa baba na mama mmoja ni 25. Hapo umefukuza ugonjwa mmoja unaoujua umekaribisha mitano usiyoijua.

Haya, nyonga. Hapa ndo roho yangu ilipo kwa hiyo nivumilieni.

Nyonga kutokaa sawasawa kwenye kikombe chake ni ugonjwa wa kurithi, hilo halina ubishi, lakini haurithiwi kwa jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo, halafu unene, chakula na mazoezi ya utotoni vinaongezea. Ndo maana hakuna usufi wa shavuni utakaokupa jibu la ndio au hapana kuhusu nyonga za Labrador, na mtu akikwambia upo muulize vizuri. Viwiko ni hivohivo. Njia ni kupiga picha.

Na picha zenyewe ziko za aina mbili kubwa kwa hapa Marekani. OFA, shirika linalosoma picha hizi na kutoa vyeti, ilianza mwaka 1966, mbwa analazwa chali miguu imenyooshwa, picha inasomwa na madaktari wa mionzi, inapewa daraja moja kati ya saba, kutoka bora kabisa mpaka mbaya sana. Cheti chao cha kudumu hakitolewi kabla mbwa hajatimiza miezi 24. PennHIP ni njia iliyotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mbwa analazwa usingizi na kifaa kinaisukuma nyonga kidogo nje ya kikombe ili kupima inaachia kiasi gani, wanakupa namba, sifuri ni iliyobana na moja ni imetoka kabisa, na 0.30 kushuka chini inahesabiwa kuwa hatari ndogo sana ya kusagika baadaye. Inaweza kufanyika kuanzia wiki 16. Uingereza wana mfumo wao wa alama, kila nyonga 0 mpaka 53, unajumlisha mbili, na huko nako kadiri namba inavyokuwa ndogo ndo vizuri.

Ukiniuliza ipi, inategemea unachotaka kujua. Kama unakagua wazazi kabla ya kununua, yoyote kati ya hizi inatosha, OFA ina faida moja kubwa kwamba majibu mengi yako wazi kwenye tovuti yao, unaandika jina la usajili la mbwa unaona bure. Kama una mtoto wa mbwa mkononi na unataka kujua mapema kabla hujamwaga hela ya mwalimu, PennHIP ya miezi minne au mitano ndo ningeenda nayo. Sisi na Zuri tungeifanya, tungejua miezi sita kabla, na binti wa shangazi asingekuwa ameshamfundisha amri ishirini na kulala naye kitanda kimoja. Zote mbili zinahitaji eksirei, PennHIP inahitaji dawa ya kumtuliza na daktari mwenye mafunzo yake, bei ni dola mia kadhaa kutegemea kliniki. Ni ghali kuliko mate, ndo maana baadhi ya wafugaji wanaishia kwenye mate.

Ila hata picha ina udhaifu wake, inaonyesha mbwa mmoja tu. Mbwa anaweza kuwa na nyonga nzuri yeye mwenyewe huku ndugu zake watatu wanachechemea, na akizaa anapitisha ule urithi wa familia. Hapa ndo kinaingia kitu cha tatu, rekodi za ukoo, na kusema kweli mashirika makubwa yamefika mbali kwa njia hii kuliko kwa DNA. The Seeing Eye ya New Jersey, shirika la mbwa wa kuongoza wasioona lililoanza 1929, walikuwa wanapiga picha nyonga za mbwa wao wote, wale wanaozalishwa na wasiozalishwa, wakachanganya matokeo ya baba, mama, ndugu, shangazi na watoto, kila mbwa akawa na namba moja inayokadiria atawapa watoto wake nyonga za namna gani. Wakachagua wazazi kwa namba hizo. Ndani ya vizazi visivyofika vitano, German Shepherd wenye nyonga mbovu walishuka kutoka asilimia 55 hadi 24, na Labrador kutoka 30 hadi 10, matokeo yakachapishwa 1997. Angalia huo mwaka. Ramani kamili ya jeni za mbwa ilitangazwa mwisho wa 2005, walitumia boxer jike aitwaye Tasha, kwa hiyo hawa walipunguza ugonjwa kwa zaidi ya nusu miaka minane kabla, kwa picha, uvumilivu na daftari.

Mfugaji mdogo hawezi kufanya hesabu hiyo peke yake, ila kuuliza unaweza. Usiombe picha ya mama na baba tu. Omba ya babu na bibi, ya ndugu wa baba, na ya watoto wa uzao uliopita. Anayejali atakuwa anawafuatilia watoto aliowauza, atakwambia kabisa "huyu mmoja alipata tatizo la kiwiko". Anayekwambia hajawahi kupata mgonjwa hata mmoja kwa miaka yote, mimi sasa hivi nakata simu kwa adabu.

Macho niyapitie haraka. DNA na daktari wa macho hawabadilishani, unahitaji wote. Golden Retriever peke yake ana aina tatu za kupofuka kwa retina zinazotokana na jeni tatu tofauti, prcd na nyingine mbili zinaitwa GR-PRA1 na GR-PRA2, hivyo "safi PRA" bila kusema ipi ni sentensi nusu. Halafu Golden haohao wana ugonjwa wa ndani ya jicho unaokuja ukubwani ambao hauna kipimo cha DNA, unaonekana tu daktari akimwangalia kila mwaka. Kuhusu saratani, kifafa na aleji za ngozi, hakuna usufi utakaokusaidia, unarudi kwenye kuuliza habari za familia.

Na wale wanaosema nunua chotara umalize matatizo, subirini kidogo. Chotara wa Labrador na Golden ni mbwa wazuri sana wa kazi, mashirika mengi yanawatumia na nawaelewa. Labradoodle, chotara wa Labrador na Poodle, naye alianzia kwenye mashirika kama hayo, kule Australia mwaka 1989, Wally Conron wa shirika la mbwa wa kuongoza wasioona alikuwa anamtafutia mwanamke wa Hawaii mbwa asiyemsumbua mumewe mwenye aleji. Uchotara unasaidia pale ambapo jeni mbovu iko upande mmoja tu. Lakini Labrador wanayo prcd, Poodle wanayo prcd, Golden wanayo prcd, na wote wanapata ugonjwa wa nyonga. Baba mbebaji Poodle na mama mbebaji Labrador wanaweza kuzaa kipofu vilevile. Chotara bila vipimo ni bahati nasibu tu.

Tabia siigusi sana humu maana ni habari ndefu, ila ujue kwamba mbwa wengi wanaotolewa kwenye mafunzo ya mashirika wanatolewa kwa tabia, woga, kukengeuka, kuliko kwa ugonjwa. Hata karatasi zote zikiwa safi hilo liko palepale.

Basi kama hela ni ya mawazo na unanunua mtoto wa mbwa, mimi ningepanga hivi: nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili kwa picha, bila hizo siendi hata kumwona mtoto. Halafu macho ya wazazi yaliyokaguliwa na daktari wa macho ndani ya mwaka. Halafu DNA, ila zile zinazohusu aina yake tu, kwa Labrador ningetaka prcd, EIC na CNM, na kama mzazi mmoja ni safi kwa hizo tatu wala simdai mwenzake awe safi, mbebaji anatosha. Angalia namba ya chipu, ile inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa, kwenye ripoti ya DNA ilingane na ya mbwa aliyesimama mbele yako, maana usufi wa nyumbani anausugua mtu, na mtu anaweza kuchanganya mbwa. Kama unafuga na kuuza, ongeza kuwafuatilia watoto wako wote, hiyo haina bei ila inachosha. Na kama unaweza kusubiri foleni ya shirika linalotambulika, subiri, hizi hesabu zote wameshazifanya kabla ya wewe kuzaliwa, na mengi hayamtozi mhitaji au yanamtoza kidogo sana.

Sisi tumerudi tena sokoni. Kuna mama mmoja ana Labrador weusi mwendo wa saa tatu kutoka hapa, shangazi alipomuuliza kuhusu nyonga alituma ripoti za PennHIP siku hiyohiyo, mama 0.38 na baba 0.31, pamoja na picha za watoto wanne wa uzao uliopita, mmoja wao ana kiwiko kibaya na alisema mwenyewe kabla hatujauliza. Jike wao ni mbebaji wa EIC, dume ni safi. Watoto wanazaliwa mwezi ujao na tumeshalipia nafasi. Zuri amebaki nyumbani, anapewa dawa ya maumivu, tumempunguza uzito, ngazi tumezifunga kwa kigeti, na bado simu ikidondoka yeye ndo wa kwanza kuiokota.